Kila Samaki Ishirini

Nyangeta, mwanangu,

Wakati ninaandika haya wewe uko Butiama unamuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomfahamu hatakuachia mpaka akufungie michembe, viazi vyake vikavu, ya kulisha bweni zima. Mama yako yumo chumbani kwako, anafungua sanduku alilolifunga asubuhi ili alifunge upya. Mimi nimekaa barazani, jua limeshahamia upande wa ziwa, na nimeomba nisisumbuliwe mpaka nimalize.

"Barua ya nini tena, Baba Nyangeta?" ameniuliza. "Mtoto si anarudi jioni hii hii? Mwambie kwa mdomo."

Nimemwambia yapo mambo ninayoyaandika vizuri kuliko ninavyoyasema. Amecheka, akarudi kwenye sanduku lake. Ameishi na mimi muda wa kutosha kujua kwamba ni kweli.

Habari za chakula, za maji ya kunywa, za kufunga mlango na za vijana wa huko chuoni Morogoro utazipata kwake. Sina cha kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Mara tatu umeniuliza, "Baba, Nabwera tutakwenda lini?" na mara tatu nimekupa sababu: kwanza mvua, halafu goti, halafu barabara, ingawa wewe na mimi tunajua kwamba barabara ya Kisorya siku hizi ni lami. Mara ya nne hukuuliza. Hiyo mara ya nne ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo, maana hata Nabwera yenyewe ilitufikia kwa njia ambayo babu yako asingeielewa.

Ulirudi na shahada yako, ukakaa miezi bila kazi, kisha ukapata nafasi ya kujitolea katika ofisi ile ya samaki hapa mjini. Bwana Musiba, mkuu wako, alikupa kompyuta chakavu na kazi moja: utafute ni samaki gani wa pwani zetu za Mara ambao vinasaba vyao vimekwisha kupimwa na kuwekwa kwenye mtandao, na ni wapi hawajaguswa, ili ofisi ijue pa kwenda kuchukua sampuli. Jioni ya kwanza ulinieleza ukichora kwa kidole mezani. Ukasema kuna maghala makubwa ya kumbukumbu, kanzidata, ambamo watafiti wa dunia nzima huweka walichokipima: samaki, mhogo, mbu, ng'ombe, watu. Kila kumbukumbu ina namba yake, jina la kiumbe, na mara nyingi mahali kilipochukuliwa. Mtu anaweza kuingia humo akabofya moja moja, lakini kumbukumbu zikiwa nyingi atazeeka kabla hajamaliza. Kwa hiyo anaandika programu iende kuuliza kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa nimestaafu, vitabu vyangu nimevisoma vyote mara mbili, na sikuwa na la kufanya jioni. Nikavuta kiti. Nakumbuka nilikuuliza kama hiyo lugha ya Python ina sarufi.

"Ina sarufi kali kuliko Kiingereza, Baba. Hata ukikosea nafasi mwanzoni mwa mstari inakugomea."

"Basi ingenifaa mimi," nikasema, na mama yako akaitikia kutoka jikoni kwamba ingenifaa sana, kwa kuwa na mimi nakuwaga hivyo hivyo.

Nilijifunza kidogo, kama mtu anayejifunza kuendesha gari akiwa kiti cha nyuma. Nilielewa kwamba programu huuliza mara mbili. Kwanza inatafuta: inapeleka jina la samaki, inarudishiwa namba za kumbukumbu. Kisha inachukua: inapeleka zile namba, inarudishiwa kumbukumbu zenyewe. Nilipenda utaratibu huo. Ulinikumbusha maktaba ya zamani ya mjini, ambako ulichagua kadi kwanza ndipo ukapewa kitabu.

Kosa lako la kwanza lilitokea wiki ile ile. Ulirudi nyumbani uso umesinyaa.

"Wametufungia."

"Nani?" nikauliza.

"Kanzidata. Ofisi nzima imefungiwa, si mimi tu, kwa sababu tunatumia njia moja ya mtandao. Nimeiandika programu iulize, iulize, iulize, bila kupumzika hata kidogo. Na sikuweka barua pepe yangu waone ni nani anayeuliza. Bwana Musiba kanisema mbele ya watu wote."

Mama yako alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Yaani umeingia nyumbani kwa watu hujapiga hodi?"

"Ndiyo, Mama."

"Hujasema wewe ni mtoto wa nani?"

"Ndiyo, Mama."

"Na umewasemesha mfululizo hata hawajakaa?"

"Ndiyo."

"Basi wamefanya vizuri. Na mimi ningekufungia."

Ulicheka mpaka ukalia. Kesho yake uliandika upya: jina lako, barua pepe yako, na mapumziko kati ya swali na swali. Mlango ukafunguliwa baada ya muda. Sikuliwazia sana kosa hilo wakati ule, na silileti hapa kukufundisha adabu, kwa sababu adabu unayo. Nimelileta kwa sababu siku hiyo ndiyo niliyoona kwamba kazi yako si ngeni kama nilivyodhani. Nikapata ujasiri wa kukuomba kitu.

Nilisema, "Nitafutie ningu wa huku kwetu."

Uliniuliza kwa nini ningu, na siyo sato au sangara ambao kila mtu anawajua. Nikakujibu kwa kifupi kwamba tulimla sana utotoni. Sasa nikupe jibu refu.

Nabwera ilikuwa nyumba chache kwenye ghuba ndogo, mwendo wa mguu kutoka Kisorya. Mto mdogo uliingia ziwani hapo. Mvua kubwa zilipoanza, maji ya mto yalibadilika rangi, na ningu wakapanda kutoka ziwani kwenda kutaga. Baba yangu alitega migono, mitego ya kusuka, mdomoni mwa mto, na kwa majuma kadhaa kila nyumba ilinuka moshi wa samaki. Mimi nilikuwa na kazi ya kufukuza mbwa.

Nilikuwa bado mdogo wa shule tulipohamishwa. Tuliambiwa tuondoke ufukweni twende kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Bunda, karibu na darasa na zahanati. Sikusudii kuilaumu hatua ile wala kuitetea. Nimesoma walioiandika kwa kuisifu na walioiandika kwa kuilaani, na kila upande una ukweli wake. Ninachokumbuka mimi ni lori, kuku waliofungwa miguu, na baba yangu akiung'oa mlango wa nyumba kwenye bawaba zake ili aende nao. Ule ndio uliokuja kuwa meza yetu Bunda, kabla hatujahamia hapa mjini. Uliandikia kazi zako za shule ya msingi juu yake, na kile kitundu ulichokuwa unaingiza penseli kilikuwa cha kitasa.

Nyuma ya nyumba tuliacha makaburi mawili: la mdogo wangu aliyekufa kabla ya kutembea, na la bibi yangu, Nyangeta. Jina lako limetoka hapo.

Mwaka uliofuata baba alikwenda huko kwa mtumbwi kutazama. Alirudi siku hiyo hiyo, akanawa mikono, akasema, "Nabwera hakuna tena." Hatukuuliza zaidi. Maneno hayo yakawa ya nyumba nzima. Hata wageni wakiuliza kwetu ni wapi, tulisema Bunda. Baba alipokwisha kufariki, ndipo mama yangu aliponiambia kwamba siku ile hakushuka. Aliusimamisha mtumbwi mbali na ukingo, akatazama matete, akageuza.

Na mimi? Nilipokuwa karani wa pamba nilipita Kisorya kwenda kivukoni kila msimu, kwa kuwa tulikuwa na vituo vya kununulia Ukerewe. Kila mara nilichagua kukaa upande wa gari usioitazama ghuba ile. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote sababu, na hakuna aliyeuliza, maana karani anaweza kukaa anapotaka.

Kwa hiyo nilipokuomba unitafutie ningu, sikuwa natafuta samaki tu, ingawa hata mimi sikujua hivyo. Uliandika swali lako, ukaisubiri programu, ukasoma kilichorudi.

"Hakuna wa kwetu, Baba," ulisema. "Wapo wa Kenya, wapo wa Uganda, na wa upande wa Mwanza. Wa Mara hakuna."

Nikasema, "Haya, mama. Ahsante."

Mwanangu, nikuambie nilichohisi, kwa sababu hukukiona. Nilifarijika. Nilikwenda kulala nikiwa mwepesi kama mtu aliyerudishiwa kodi. Baba yangu alisema hakuna, na sasa dunia nzima yenye kompyuta zake ilisema hakuna. Nikajiona nimeruhusiwa kutokwenda.

Uliiweka habari hiyo kwenye jedwali ukampa Bwana Musiba: ningu, pwani ya Mara, hakuna. Akafurahi, kwa sababu penye hakuna ndipo pa kuombea gari na mafuta.

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja ulitoka chumbani na kompyuta mkononi, macho yamekutoka, ukaiweka mbele ya sahani yangu.

"Baba, tazama. Sato, ishirini. Kamongo, ishirini. Mumi, ishirini. Ningu, ishirini."

"Mbona wamelingana?" mama yako akauliza.

"Ndiyo hapo, Mama! Kila samaki ishirini! Kamongo na sato walingane vipi?" Ukajipiga paji la uso. "Ni mdomo wa gunia. Nimenunua mdomo wa gunia!"

Sisi watatu tulicheka, na kama mtu angepita barabarani asingeelewa. Hadithi ya gunia unaijua tangu unanyonya, lakini bibi yako huisimulia kwa namna ya kujisifu, kwa hiyo acha na mimi niiandike mara moja kama ilivyokuwa.

Msimu wangu wa kwanza wa ukarani nilipangiwa kituo cha Butiama. Pamba ilikuwa na madaraja mawili, safi na fifi, na kazi yangu ilikuwa kutazama gunia na kusema ni lipi. Mama mmoja alileta magunia yake, yamejaa vizuri, juu nyeupe kama maziwa. Nikachota mkono mmoja juu, nikasema safi, nikaandika. Wiki iliyofuata alirudi na mengine. Akasimama mbele ya mizani, mikono kiunoni, akanitazama kwa huruma.

"Karani," alisema, watu wote wakisikia, "wewe unanunuaga gunia au unanunuaga mdomo wa gunia?"

Nikamwambia sikumwelewa.

"Chini ya yale ya juzi kulikuwa fifi tupu. Nilikuwa nakupima wewe. Leo nimeleta safi kweli, na nataka uingize mkono mpaka kwapani, wenzangu waone, ili wasije wakakuzoea."

Niliingiza mkono mpaka kwapani, watu wakapiga vigelegele. Nyuma ya yule mama alisimama binti yake, ameuma kanga asicheke. Ndiye anayefunga sanduku lako sasa hivi.

Sehemu ambayo bibi yako haisimulii ni iliyofuata. Kwa aibu niliyoipata nikawa mwehu wa kukagua. Kila gunia nililimwaga chini. Foleni ikafika hadi barabarani, watoto wakalia njaa, pamba safi ya watu ikaokota vumbi mikononi mwangu. Mkulima aliyelala njiani kutoka mbali alinitazama kama mwizi, na mimi nilimtazama hivyo hivyo. Ni yuleyule mama aliyekuja kunisimamisha. "Sasa karani unataka kulala humo humo ndani? Chota juu, chota katikati, chota chini, kisha umwamini mtu." Ilinichukua misimu mingi kuweza kufanya hayo matatu na kisha kuamini. La nne ndilo gumu. Ninakuandikia hili kwa sababu wewe unafanana na mimi, na baada ya kukosea mara moja unaweza ukaanza kumwaga kila gunia chini.

Turudi kwenye ishirini zako. Ulinieleza kwamba kanzidata ile, usipoiambia unataka ngapi, inakurudishia ishirini za mwanzo na kunyamaza. Haikudanganyi, kwenye jibu lile lile inataja jumla ya zilizopo, ila wewe ulikuwa hujaisoma jumla. Ukaandika upya. Programu ikauliza kwanza ni ngapi zote. Kisha ikachukua fungu, ikapumzika, ikaanzia pale ilipoishia, ikachukua jingine, mpaka mwisho. Nilikaa nawe mpaka chai ikapoa. Majina ya mahali yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, mengine nayajua, mengine siyajui. Halafu ukasoma kwa sauti, bila kujua unachokisoma:

"Ningu. Tanzania, Ziwa Viktoria, Nabwera, karibu na Kisorya."

Mama yako aliweka kikombe chini. Wewe ulinitazama. Nilikuomba usome tena, ukasoma tena.

Jina hilo halipo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, na nimeziona nyingi. Samaki yule hakuwa amechukuliwa zamani. Kumbukumbu ilikuwa ya miaka ya hivi karibuni. Ukaanza kuniambia kwa furaha kwamba basi kuna mtu, Baba, mtafiti alifika pale akauliza hapa panaitwaje, na mtu akamjibu Nabwera, na mtu huyo anaishi pale. Mimi nikakukatiza. Nikasema huo ni ushahidi wa jina, si ushahidi wa mtu. Labda alilikuta jina kwenye maandishi ya wakoloni, labda aliambiwa na mvuvi wa kupita. Hapo nilikuwa sahihi kabisa, na nilikuwa najificha. Kuwa sahihi ni mahali pazuri sana pa kujificha, na wewe kazi yako itakuwa ya usahihi. Ndiyo maana nakuonyesha mlango wa maficho hayo, nikiwa mtu aliyekaa humo muda mrefu.

Kesho yake ulikwenda kwa Bwana Musiba kabla hajakuita. Ulitusimulia usiku ukimwiga sauti.

"Jana ningu wa Mara hakuna," alisema, "leo wapo saba. Kesho watakuwa wangapi, binti? Wanazaana humo kwenye kompyuta?"

"Kesho nitauliza tena, mkuu. Na jedwali nimelibadilisha. Sijaandika hakuna popote. Nimeandika nilichotafuta, nilivyotafuta, na siku niliyotafuta."

"Na mimi gari nitaliombeaje kwa maneno hayo?"

"Utaliombea kwa kusema hatujui, mkuu. Ni kweli zaidi, na bado inahitaji mafuta."

Ulisema aliguna, kisha akakuuliza kama umewahi kufikiria kurudi chuo. Barua ya kukutambulisha Morogoro aliiandika yeye. Kwa hiyo usimsimulie vibaya huko uendako. Mtu aliyekusema mbele ya watu kwa kosa la kweli, akakusaidia kwa jambo la kweli, si haba.

Mimi nilikaa mezani nikisikiliza mwanangu akisema sijaandika hakuna popote. Baba yangu aliandika hakuna. Aliiandikia kwenye maji, mbali na ukingo, na sisi tukaisoma maisha yetu yote. Simlaumu. Alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Sijui mtu wa namna hiyo anapaswa kutazama kwa muda gani. Lakini mimi sikubeba mlango. Mimi nilikaa upande wa pili wa gari.

Ulianza kuuliza tutakwenda lini. Mvua, goti, barabara. Kisha ukaacha, na nikaona jinsi unavyoacha: bila hasira, ukaendelea na mambo yako, kama mtu aliyepata jibu. Hilo ndilo lililoniuma. Niliona kwamba sasa na wewe umenipata mimi na kuniandika: Baba, Nabwera, hakuna. Na hukukosea, kwa kuwa uliuliza mara tatu na kila mara ulipumzika kati ya swali na swali.

Sasa jua limeshuka hadi kwenye miguu yangu, na mama yako amepita mara mbili akijifanya anatafuta kamba. Nimalizie.

Kesho alfajiri utaniona nimevaa viatu vya safari. Utadhani ninakusindikiza mpaka kituoni Bweri. Nitapanda nawe. Mama yako anajua; ndiye aliyenikatia tiketi, na bila shaka ndiye aliyeniwekea sweta kwenye mkoba ingawa nilimkataza. Tiketi yako inafika Morogoro. Yangu inaishia Bunda. Basi likisimama pale, nitakupa bahasha hii na kushuka. Usishuke kunifuata, na usianze kulia kwenye basi la watu. Soma; utakapofika mstari huu utakuwa umekwisha kupita Lamadi, na mimi nitakuwa kwenye gari la Kisorya.

Huenda ukataka kuniuliza kwa nini sikungoja twende wote, kama ulivyoomba. Nimelifikiria sana. Ningekwenda nawe, ungenishika mkono, na ningekuacha wewe utazame kwanza ili unisimulie. Nimesimuliwa ya kutosha. Safari hii naomba niende peke yangu, na ile utakayokuja likizo twende pamoja.

Nitafanya kama ulivyonifundisha. Kwa mtu wa kwanza nitakayemkuta nitapiga hodi, nitangoja, nitasema mimi ni mtoto wa nani. Nitauliza nyumba zilikuwa ngapi kabla ya kutafuta yetu. Nitakaa upande wa gari unaoitazama ghuba. Nitashuka mpaka mdomoni mwa mto, niingie matete, nipande polepole hadi ilipokuwa nyuma ya nyumba, kadiri goti litakavyokubali. Goti si uongo wote. Nikikuta mtu anauza ningu, nitamla, na utanisamehe kwa niaba ya sayansi.

Na jioni nitakuandikia. Nikiliona kaburi la yule uliyerithi jina lake, nitakueleza lilivyo. Nisipoliona, hutasoma kwangu kwamba hakuna. Utasoma nilianzia wapi, nilipita wapi, na nilisimama kwenye jiwe gani giza lilipoingia, ili siku tutakapokwenda wote tuanzie pale nilipoishia.

Safiri salama, mama.

Baba yako